Patasi Ambayo Sikuiona

Mwalimu wenu alinipigia simu akaniomba niwaandikie ukurasa mmoja kuhusu namna ya kujaza PF3. Nikamwambia ukurasa mmoja hautanitosha, maana mimi ni Mhaya, na Mhaya ukimpa ukurasa mmoja anaumaliza kwa kutaja shule alizosoma. Akacheka, akasema niandike ninavyotaka. Basi nimeandika ninavyotaka, na nyie matabibu vijana mtavumilia. Nawaonya mapema kwamba humu sionekani vizuri. Nilianza mara tatu nikachana karatasi, kwa sababu kila mara nilijikuta najipamba.

Naitwa Kokugonza, ila miaka yote niliyofanya kazi katika vituo vya afya vya huku Temeke watu waliniita Dokta Koku. Sikuwa daktari. Nilikuwa tabibu kama nyie, na sikumbuki hata siku moja mtu kuniita daktari nikamsahihisha.

PF3 mnaijua. Mtu akipigwa, akikatwa, akigongwa na bodaboda, anapitia polisi kwanza, anapewa fomu, ndipo anakuja kwetu ameishika kwa mkono ule ambao hautoki damu. Sehemu ya juu hujazwa na polisi: nani kaumia, lini, na inadaiwa kaumizwa kwa kitu gani. Sehemu ya chini ni yetu: umeona nini, jeraha lina ukubwa gani, na kwa maoni yako limesababishwa na nini. Katikati umechapwa mstari mwembamba. Karibu kila ninachotaka kuwaambia kiko kwenye huo mstari.

Aliyenifundisha kusoma vidonda alikuwa Mzee Kapufi, Mfipa mmoja mpole, tabibu wa zamani aliyekuwa akitembea na rula ya mwanafunzi mfukoni. "Koku," alikuwa akiniambia, "kiulize kidonda kwanza, mtu baadaye. Mtu ana maneno mengi." Alikuwa akiosha jeraha polepole kiasi cha kuudhi, huku foleni ya nje ikinung'unika, halafu anaketi kulitazama. Kingo zikiwa nyoofu na zimeachana safi, hapo pamepita kisu, wembe au panga lililonolewa. Kingo zikiwa zimechanika, na ukichungulia ndani unaona nyuzi za nyama bado zimeshikana upande hadi upande, basi hapo hapakukatwa, palichanwa au palipasuka. Pima kwa rula, jicho linadanganya. Andika ulichokikuta ndani: mchanga, kutu, kioo, majani. Na mgonjwa akikueleza jambo, andika "mgonjwa anasema," usiligeuze neno lake likawa ni kitu ulichokiona wewe.

Nayajua hayo hadi leo bila kitabu. Nawaambia ili msije mkanionea huruma mkidhani sikufundishwa.

Mzee Kapufi alipostaafu, chumba kikawa changu, na mimi nikaleta maendeleo. Maendeleo yenyewe yalikuwa hivi. Mgonjwa akija na fomu, nesi anaipokea na kuiweka kwenye trei. Mimi nahudumia mgonjwa, naandika matibabu kwenye daftari la chumba cha vidonda, nampa ruhusa aondoke. Fomu inabaki inasubiri. Saa nne ikifika, chai na chapati zikija, navuta ile trei na kujaza fomu zote kwa mkupuo. Mgonjwa keshafika kwake Tandika, mie nasoma tu alichoandika polisi kule juu. Akiandika rungu, nami huku chini naandika "kitu butu." Akiandika kisu, naandika "kitu chenye ncha kali." Nilikuwa namaliza fomu kumi chai ikiwa bado ya moto. Manesi walinisifu kwa wepesi, na matabibu wanafunzi niliwafundisha hivyo hivyo. Baadhi ya walimu wenu ni hao.

Kuna siku ningeweza kuzinduka. Alikuja bwana mmoja ambaye mkewe alimng'ata sikio. Polisi, labda kwa kumsitiri, akaandika "amejeruhiwa na mkewe kwa kitu butu." Nami wakati wa chai nikaandika, kwa maoni yangu ya kitaalamu, kitu butu. Mahakamani hakimu aliitazama alama ya meno kwenye sikio la yule bwana, akaitazama fomu, akauliza hayo meno ya mama yamekuwa butu kwa kutafuna nini. Watu walicheka hadi karani akaweka kalamu chini. Hata mimi nilicheka. Nilikisimulia kisa hicho miaka mingi kwenye sherehe, na sikuwahi kujiuliza kilikuwa kinanisema nini.

Ndipo akaja Neema. Alikuwa binti wa chuo kikuu, mwanaanthropolojia, mwembamba, ana begi kubwa na barua za vibali zenye mihuri mingi kuliko cheti changu cha ndoa. Nikamuuliza anatafiti ugonjwa gani.

"Sitafiti ugonjwa, Mama. Natafiti mahakama inajuaje inachokijua."

"Basi umepotea njia. Hapa ni kwa vidonda. Nenda mahakamani."

"Natoka huko. Nimekaa miezi minne. Kila nikiuliza wamejuaje, wananionyesha karatasi. Karatasi zenyewe zinatoka kwako."

Jibu hilo lilinifurahisha, nawaambia ukweli. Nilisaini karatasi yake ya ridhaa, ambayo iliahidi kwamba atakayoyaona kwangu hatayatoa kwa jina langu wala kuyapeleka popote bila idhini yangu. Akapewa stuli pembeni ya chumba cha vidonda. Siku mbili alikuwa anakuja kwetu, siku tatu anakwenda mahakamani. Hakuwa na maswali mengi. Swali lake lilikuwa moja tu, analiuliza kwa adabu akiwa ameinamia daftari lake: "Hapa umejuaje?" Manesi wakambandika jina, wakawa wanamwita Umejuaje. "Umejuaje kaja?" "Umejuaje kanywa chai?" Naye akawa anaitika.

Jumamosi moja asubuhi akaletwa mtu anaitwa Mashaka, fundi wa viatu, mkono wa kushoto umefungwa shati lililolowa. Alikuwa amegombana na jirani yake, mchonga vinyago mmoja aitwaye Issa, Mmakonde wa Newala, aliyekuwa akichongea uani kwake. Ugomvi wenyewe ulianza kwa vumbi la mpingo kuingia kwenye chakula cha watoto wa Mashaka. Wakashikana mashati, wakaanguka pamoja. Nilimwosha jeraha mwenyewe. Lilitoka chini ya kiwiko likashuka kwa kupinda hadi karibu na kifundo cha mkono. Kingo zilikuwa zimechanika. Ndani nikatoa chembe za kutu na mchanga kwa kibano, na wala sikuhitaji mtu kunifafanulia. Nikamwambia nesi, "Huyu kachanwa na bati, mpe sindano ya pepopunda sasa hivi." Nikaandika yote hayo kwenye daftari la vidonda, kwa sababu nesi wa zamu ya pili lazima ajue anachokisafisha.

Saa nne ikafika. Fomu ya Mashaka ilikuwa ya sita kwenye trei. Kule juu polisi alikuwa ameandika kwamba majeruhi alishambuliwa na mchonga vinyago kwa patasi. Sikumbuki nilikuwa nafikiria nini. Pengine nilikuwa nafikiria chapati. Nikaandika kwamba jeraha limesababishwa na kitu chenye ncha kali, na kwa kuwa nilitaka nionekane nimezama kwenye kazi, nikaongeza: "mfano patasi." Nikagonga muhuri.

Niliitwa kutoa ushahidi. Nyie wengine mtaitwa, kwa hiyo nawaeleza palivyo. Unavaa vizuri. Unaapa. Mwendesha mashtaka anakuuliza umesoma wapi, na hapo Mhaya anapata alichokuwa anakitafuta. Nilitaja chuo, nikataja kozi, nikataja semina, hadi hakimu akasema, "Inatosha, daktari." Sikumsahihisha. Nikasomewa fomu yangu, nikathibitisha ni yangu, mwandiko wangu, muhuri wetu.

Issa hakuwa na wakili. Alikuwa mtu wa makamo, mikono mipana yenye makovu madogo madogo, amevaa shati la mikono mirefu aliloazima, maana mikono ilimzidi. Hakimu akamwambia kama ana swali amuulize shahidi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba."

"Hiyo patasi uliiona wapi?"

Watu wakacheka kidogo. Nikamjibu kwa ukali, "Sikuiona patasi. Niliona jeraha. Na majeraha nimeyasomea kabla wewe hujaanza kuchonga."

"Sawa. Lakini mie patasi ndiyo mkono wangu, daktari. Patasi haichani. Inachimba. Kubwa niliyonayo upana wake ni kama vidole viwili. Huyu bwana kachanika mkono mzima, tena kwa kupinda. Hebu niambie hiyo patasi ilitembeaje."

Hakimu akamwambia anatakiwa kuuliza maswali, si kutoa maelezo. Akauliza tena, taratibu, "Nauliza basi. Ilitembeaje?"

Nikasema, "Hilo ni suala la kitaalamu." Hilo ndilo jibu langu, neno kwa neno. Neema alikuwa benchi la nyuma anaandika.

Hukumu ilikuwa ndefu, ila mimi niliishika sentensi moja. Hakimu alisema ushahidi wa majeruhi unaungwa mkono na ushahidi wa daktari, shahidi huru asiye na upande, na mahakama haina sababu yoyote ya kumtilia shaka. Issa akafungwa miaka mitatu. Jioni ile nyumbani niliirudia sentensi ya hakimu mbele ya mume wangu, nikairudia tena kanisani Jumapili kwa mama wenzangu wa jumuiya. Mtu alikuwa amefungwa miaka mitatu na mimi nilikuwa nimebeba sifa. Naona haya kuiandika hata sasa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya miezi mitatu Neema akaja na kazi nyingine. Alitaka kulinganisha fomu na madaftari yetu ya ndani. Alikuwa na nakala za fomu alizoruhusiwa kunakili mahakamani, nami nikampa madaftari bila wasiwasi, nikamwachia na meza yangu. Mchana akaniita. Alikuwa ameweka vitu viwili kando kwa kando: PF3 ya Mashaka na daftari la vidonda la siku ile ile.

"Mama, miandiko hii miwili ni ya mtu mmoja?"

"Ni yangu yote."

Akaweka kidole kwenye daftari, palipoandikwa kingo zimechanika, kutu, mchanga, bati. "Hapa umejuaje?"

"Nimeona."

Akahamisha kidole kwenye fomu. "Na hapa?"

Niliutazama muhuri wetu. Yeye akaendelea kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Alikuwa amezungumza na Mashaka. Mashaka alimwambia kwamba siku ile alifumba macho walipoanguka, hakuona alichoumizwa nacho. Polisi alimuuliza aliyempiga anafanya kazi gani, akasema mchonga vinyago, polisi akaandika patasi. Baadaye mahakamani Mashaka akasema kwa kinywa chake kwamba ni patasi. Neema alipomuuliza kwa nini, akamjibu hivi: "Sista, dokta mwenyewe kaandika patasi, ana muhuri. Mie nani nibishane na dokta?"

Mmeelewa, wanangu? Polisi alikisia. Mimi nikamnakili polisi. Mashaka akaniamini mimi. Hakimu akaona mashahidi watatu wanakubaliana, akaridhika. Kisio lilikuwa moja tu, limezunguka mlango kwa mlango na kila mlango limevishwa shati jipya. Na mtu pekee aliyekuwa anaijua patasi katika chumba kile aliambiwa asitoe maelezo.

Ningependa kuwaambia kwamba nililia. Nilimfokea yule binti. "Umekuja kutafiti au kupeleleza? Nimekupa stuli yangu, nimekupa chai yangu, kumbe unanichimba!"

"Mama Koku, sitampa mtu yeyote. Nilikuahidi kwa saini. Ila kuna mtu yuko ndani."

"Toka."

Akatoka. Lakini kila mwisho wa mwezi alinipigia simu, salamu ndefu za adabu, halafu: "Mama, umelifikiria lile jambo?" Nami namwambia, "Nalifikiria, mwanangu." Nilimwambia hivyo mara saba.

Miezi saba ile nataka mjue nilikuwa nafanya nini, maana mtaniuliza nilitishwa na nani. Hakuna aliyenitisha. Nilikuwa nakaribia kustaafu. Nilikuwa nachagua vitenge vya sare kwa ajili ya sherehe ya kuniaga. Niliogopa kwamba hotuba zitabadilika. Niliogopa kuitwa na yule hakimu aliyeniita shahidi huru, nikamwambia kwamba siku ile nilikuwa nakula chapati. Nilijiambia pia kwamba pengine kweli Issa alimpiga, na kama si kwa patasi basi kwa kingine, na kwamba Mungu ana njia zake. Nilimtwisha Mungu mzigo wangu na kwenda kushona kitenge. Sherehe ikafanyika, mganga mkuu wa kituo akasema mimi ni kioo cha taaluma, na nilipiga makofi pamoja nao.

Wiki ya pili ya kustaafu Neema alikuja nyumbani kwangu. Hakugusia lile jambo. Alinipa kurasa kadhaa zilizobanwa pini, akasema ni sura moja ya tasnifu yake ya chuo, ameniandika kwa jina jingine, anaomba nisome nione kama amekosea popote. Nikasoma nikiwa nimekaa barazani, nikitafuta matusi ili nipate sababu ya kukasirika. Hakunitukana popote. Aliandika kwamba nina mikono mizuri. Aliandika jinsi ninavyowaongelesha watoto nikiwashona. Aliandika trei, chai na fomu bila kuongeza chumvi. Halafu akaweka maswali ya Issa yote, moja baada ya jingine, na chini yake jibu langu.

Yakiwa kwenye karatasi niliyaona kwa mara ya kwanza. Alikuwa anauliza maswali yale yale ambayo Mzee Kapufi angeniuliza. Kitu hiki kina upana gani? Jeraha lina umbo gani? Kilitembeaje? Yule mchonga vinyago ndiye aliyekuwa amekiuliza kidonda, nami nikamjibu kwa vyeti. Nilimpigia Neema nikamwambia anitafutie wakili.

Wakili wa msaada wa kisheria, kijana mwenye haraka, aliniandalia hati ya kiapo. Niliapa kwamba sehemu yangu ya PF3 haikutokana na uchunguzi wangu bali na maneno ya polisi, na kwamba uchunguzi wangu halisi umo kwenye daftari la kituo. Hati haikuuliza niligundua lini, nami sikusema. Nilisimama mbele ya jaji wa rufaa, na safari hii nilipoitwa daktari nilisema, "Samahani, Mheshimiwa, mimi ni tabibu." Jaji aliniuliza maswali kwa upole ulioniumiza kuliko ukali. Rufaa ilichukua miezi minne, ikakubaliwa. Issa akatoka. Alikaa ndani miezi kumi na minne, na kati ya hiyo saba ilikuwa mali yangu mimi, hakuna wa kugawana naye.

Nilikwenda kwake Mbagala kumwomba radhi. Nilimkuta uani ameketi juu ya gogo, anasugua kinyago kwa msasa. Alinyanyuka haraka akanipa kiti, mkewe akaja na chai. Nikamwambia nilichojia, kwamba niliandika nisichokiona. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Ulikuja kujua lini, mama, kwamba umekosea?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Nikasema, "Nilipostaafu. Nilikuwa napanga madaftari, nikaliona. Sikukaa nalo hata wiki."

Akatikisa kichwa. Machozi yalimlengalenga. Akamwambia mkewe, "Umeona? Ndiyo maana nilikuwa nakwambia watu wa Mungu bado wapo. Wengine wangeliona wakanyamaza." Akawaita watoto wake, watatu, waliokuwa wanacheza nyuma ya nyumba. "Njooni mumwamkie bibi. Huyu ndiye aliyemtoa baba."

Wakaja mmoja mmoja, na yule wa mwisho alikuwa mdogo mno akabebwa na dada yake. Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo. Nami nikawaitikia wote, marahaba, marahaba, marahaba, na chai nikanywa hadi nikaongezewa.

Kosa hili la pili ndilo linaloniuma zaidi. Fomu niliijaza kwa uvivu, lakini uongo huu nilimwambia mtu aliyenikaribisha kwake, nikiwa na akili zangu zote, mbele ya mke wake na watoto wake. Uongo huo nimekaa nao miaka minne. Issa amekuwa akinipigia kila Pasaka, yeye Mwislamu, kunitakia heri.

Nisipotaja mambo ya kazi mwalimu wenu atanilaumu, kwa hiyo nayataja. Jazeni fomu mgonjwa akiwa bado kitandani. Funikeni sehemu ya juu kwa karatasi nyingine hadi mmalize ya kwenu, mimi nimeona nesi mmoja kijana anafanya hivyo na nikamwonea wivu. Pigeni picha ya jeraha na rula kando yake, simu mnazo, si za vichekesho tu. Pasipojulikana andikeni "sijui," mahakama haitawala. Nasikia siku hizi mna kompyuta inayowaletea maneno ya mgonjwa aliyetangulia ukibonyeza kitufe kimoja. Hiyo ni trei yangu imewekewa umeme, iogopeni. Na mshtakiwa akiwauliza swali, hata akiwa amevaa shati la kuazima, jibuni swali lake.

Nilipomaliza kuandika nikaona siwezi kuwapa nyie kabla ya mwenyewe. Jumamosi iliyopita nikampelekea Issa kurasa hizi kwa mkono wangu. Aliniambia nikae, nikakataa. Akasoma akiwa amesimama mlangoni, kidole kinafuata mistari, anarudi nyuma, anaendelea. Alipofika kwenye ile miezi saba, kidole kilisimama. Mkewe alitokeza akauliza kama alete chai. Issa akageuza ukurasa.

Alimaliza, akazikunja vizuri, akanirudishia.

"Hiyo miezi saba," akasema. "Ulikuwa unapata usingizi?"

Njiani nilikuwa nimejitungia jibu la usiku wa mateso na maombi. Lilikuwa tayari mdomoni.

"Nilikuwa nalala," nikamwambia. "Nilikuwa nalala vizuri."